Kumbukumbu, Hifadhi na Ujazo: Historia ya Maneno Matatu katika Mashine za Michezo za Mkononi

Neno kumbukumbu limepewa kazi nyingi katika lugha yetu. Karani huandika Kumb. Na. juu ya barua ya serikali. Katibu huweka kumbukumbu za mkutano. Wakristo hufungua Kumbukumbu la Torati. Na huko Tanzania iko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Yote hayo yana asili moja, nayo ni kitenzi kukumbuka, wala hakuna msomaji anayeyachanganya, maana kila moja lina mahali pake. Shida ilianza pale neno hilohilo lilipoitwa kuingia ndani ya mashine. Humo lilikuta vitu viwili visivyofanana hata kidogo, likatakiwa kuvitaja vyote viwili; na mara nyingine hutakiwa kutaja na kipimo chake pia.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya vitu hivyo katika aina moja tu ya mashine, yaani mashine ya michezo inayoshikwa mkononi. Huenda msomaji akashangaa kuona kitu kinachohesabiwa kuwa cha watoto kikifanywa kipimo cha istilahi. Tumekichagua kwa sababu mashine hizo ni ndogo, nafasi ndani yake imekuwa haba tangu mwanzo, na kila kampuni imelazimika kuonyesha wazi namna ilivyoitafuta. Zaidi ya hayo, ni mahali ambapo kosa la mfasiri lina gharama. Mzazi huweza kununua kadi isiyofanya kazi aliyoikusudia, na mtoto huweza kufuta kwa mkono wake mwenyewe kazi ya miaka miwili, kwa kuwa maelezo aliyosoma yalitumia neno moja mahali palipotakiwa mawili.

Tuanze kwa kutenganisha vitu vyenyewe, kisha ndipo tuyatafute majina. Mfano wa ofisini utatufaa. Karani ana meza na ana kabati la mafaili. Faili analolishughulikia huwa mezani. Hapo hufunguliwa, huandikwa, hulinganishwa na mengine. Meza ikiwa ndogo, kazi huenda polepole hata kama kabati ni kubwa kama chumba. Jioni meza husafishwa, na kile ambacho hakikurudishwa kabatini hupotea. Katika mashine, meza hiyo ndiyo ile ambayo mafundi huiita RAM: hufanya kazi wakati umeme upo, na umeme ukikatika huwa tupu. Kabati ni mahali vitu vinapokaa hata mashine ikiwa imezimwa. Meza tutaiita kumbukumbu ya kazi, na kabati tutaliita hifadhi. Ukubwa wa chochote kati ya hivyo viwili tutauita ujazo, kama tusemavyo ujazo wa pipa au wa debe. Ujazo si kitu, bali ni kipimo cha kitu. Na mwenye kutangaza ujazo bila kusema ni wa nini hajasema neno.

Mashine ya kwanza ya mkononi iliyoweza kubadilishiwa michezo ilikuwa Microvision, iliyobuniwa na Jay Smith na kutolewa na kampuni ya Milton Bradley ya Marekani mwaka 1979. Kioo chake kilikuwa na nukta 16 kwa 16 tu. Ajabu yake ni kwamba kichakataji, ambacho ndicho bongo la mashine, hakikuwamo katika mashine yenyewe bali katika kila kaseti ya mchezo. Aliyebadilisha mchezo alibadilisha na bongo, na kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kioo, vitufe na betri. Mwaka uliofuata, 1980, kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kutoa mashine za Game & Watch, zilizobuniwa na Gunpei Yokoi. Hizo kila moja ilikuwa na mchezo wake uliofungwa ndani, na hazikuwa na mlango wowote wa kuongezea kitu. Tangu mwanzo basi palikuwa na njia mbili: kuweka kila kitu nje ya mashine, au kufungia kila kitu ndani.

Tumesema kaseti, na pengine mtu atauliza kwa nini tunatumia jina la chombo chenye utepe kwa chombo kisicho na utepe. Jibu ni kwamba jina la kitu si lazima litoke kwenye matumbo yake. Kaseti tunaijua kwa umbo na kwa tendo lake: ni kibweta kidogo cha plastiki kinachochomekwa katika mashine na kutolewa, na ukikibadilisha mashine husema jambo jingine. Wajapani wenyewe katika mazungumzo ya kawaida huita chombo hiki kasetto. Hatuoni sababu ya kutafuta neno zito zaidi ya hilo.

Tarehe 21 Aprili 1989 Nintendo ilianza kuuza Game Boy huko Japani, na kuanzia hapo historia yetu inakuwa na mambo mengi ya kutazama. Game Boy ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 8, na kilobaiti nyingine 8 kwa ajili ya picha. Hifadhi ya kuweka mambo ya mchezaji haikuwa nayo kabisa. Kila kitu kilikaa kwenye kaseti. Kaseti ya Tetris ilikuwa na ujazo wa kilobaiti 32, na hizo 32 ndizo kikomo cha kile ambacho mashine iliweza kuona ndani ya kaseti kwa wakati mmoja. Lakini wahandisi hawakukubali kikomo hicho. Waliweka ndani ya kaseti kijisehemu kinachopindua kurasa: nusu ya kwanza ya zile kilobaiti 32 ilibaki palepale, na nusu ya pili ikabadilishwa kila ilipohitajika, kama msomaji anavyoshika jalada kwa mkono wa kushoto na kupindua kurasa kwa mkono wa kulia. Kwa ufundi huo kaseti za mashine ileile ziliweza hatimaye kufikia megabaiti 8. Mnunuzi hakujua lolote. Huo ulikuwa upanuzi wa kwanza katika historia hii, na ulifanyika bila mtu kununua nyongeza yoyote.

Hapa hatuna budi kutaja mtego ulioanza zama hizo na haujaisha. Viwanda vilipima kaseti kwa megabiti, siyo kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kaseti ya mwaka 1993 yenye mchezo wa The Legend of Zelda: Link's Awakening, ambayo ilikuwa ya megabiti 4, ilikuwa na kilobaiti 512 tu. Tangazo lililotaja "mega nne" halikusema uongo, ila lilimwachia msomaji ajidanganye mwenyewe. Kwa Kiswahili hatari ni kubwa zaidi, maana biti na baiti zimetofautiana kwa sauti moja tu, na kwa kifupi zinatofautiana kwa herufi ndogo na kubwa. Tunashauri kwamba katika maandishi ya Kiswahili maneno haya yaandikwe kikamilifu walau mara ya kwanza, na mfasiri asikubali kamwe "mega" peke yake. Mega ya nini?

Ama kuhusu rekodi ya mchezaji, yaani habari za wapi amefika, amepata nini na amebakiza nini, mambo yalikuwa magumu. Michezo mingine ya mwanzo ilimpa mchezaji maneno au alama za siri aziandike katika daftari, kisha siku ya pili aziingize upya. Daftari ndilo lililokuwa hifadhi. Baadaye kaseti zilitiwa kumbukumbu ya aina ya RAM pamoja na betri ndogo bapa kama sarafu, na kazi ya betri hiyo ilikuwa kuipatia kumbukumbu umeme kidogo usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, ili isisahau. Michezo ya Pokémon, iliyotoka Japani tarehe 27 Februari 1996, ilitegemea njia hiyo. Watoto wa miaka ile waliokusanya viumbe wao kwa mamia ya saa waliviweka, bila kujua, katika chombo ambacho kingekufa siku betri itakapokufa. Kaseti nyingi za wakati huo zimekwisha kupoteza rekodi zake kwa sababu hiyo, na anayeibadilisha betri bila kuipa kumbukumbu umeme wa njia nyingine huifuta papo hapo.

Je, chombo hicho ni kumbukumbu ya kazi au ni hifadhi? Kwa asili ni cha jamii ya meza: umeme ukikatika huwa tupu. Kwa wajibu ni kabati, maana kimewekwa hapo kitunze. Tunaonelea kwamba jina lifuate wajibu. Mtumiaji hahitaji kujua ukoo wa kijisehemu. Anahitaji kujua kama kitu chake kitakuwapo kesho. Kwa hiyo tungesema hifadhi ya betri, na neno betri likae hapo kama onyo.

Mfano unaoonyesha umuhimu wa jambo hili ulitokea mwaka 2002. Michezo ya Pokémon Ruby na Sapphire, iliyotengenezewa Game Boy Advance, iliacha kutumia betri kwa kutunza rekodi. Rekodi ziliwekwa katika kumbukumbu ya flashi, ambayo haihitaji umeme ili itunze. Betri iliendelea kuwamo katika kaseti, lakini kazi yake sasa ilikuwa kuendesha saa ya ndani tu. Betri inapokwisha, mchezo humwambia mchezaji kwamba bado anaweza kucheza, ila mambo yanayotegemea saa hayatatokea. Mfasiri aliyezoea kaseti za miaka ya nyuma angeweza kuandika kwamba kumbukumbu imekwisha, na mtoto angelitupa jambo ambalo halikupotea hata kidogo.

Jina flashi lenyewe lina historia fupi inayofaa kusimuliwa kwa watu wa istilahi. Kumbukumbu hiyo ilivumbuliwa na Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba, akaieleza mbele ya wataalamu mwaka 1984. Aina yake iliyokuja kuenea katika kadi, iitwayo NAND, alieleza mwaka 1987. Jina alilipendekeza mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa kuwa namna inavyofutwa sehemu nzima kwa mara moja ilimkumbusha mwako wa taa ya kamera. Basi jina la chombo hicho linatokana na kufuta, wala si kutunza. Sisi leo tunasema flashi tukimaanisha mahali salama pa kuwekea kazi zetu. Hatusemi neno hilo libadilishwe. Limekwisha kukaa vinywani mwa watu. Lakini ni vizuri mwalimu alijue asili yake.

Mwaka 2004 kampuni mbili za Japani zilitoa mashine mpya karibu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo neno kumbukumbu lilipofikwa na mambo. Sony ilitoa PlayStation Portable tarehe 12 Desemba 2004 huko Japani. Michezo yake ilikuwa juu ya diski ndogo ndani ya kasha la plastiki, yenye uwezo wa kubeba hadi gigabaiti 1.8. Diski hiyo haikuandikika; kwa hiyo rekodi za mchezaji zilihitaji kadi ya pembeni iitwayo Memory Stick Duo. Mashine ilipofika Marekani mwezi Machi 2005, iliuzwa pamoja na kadi hiyo ya ujazo wa megabaiti 32. Sasa tazama: kumbukumbu ya kazi ya mashine hiyo ilikuwa nayo ya megabaiti 32. Tarakimu ni zilezile, na kwa Kiingereza neno ni lilelile. Aliyesoma "memory 32 MB" hakuwa na njia ya kujua ni meza au ni kabati. Ile ya kadi angeweza kuiongeza siku yoyote kwa kununua kadi kubwa zaidi. Ile ya ndani asingeweza kuiongeza kwa bei yoyote. Waliotaka meza kubwa walingoja hadi mwaka 2007, Sony ilipotoa mashine ya pili ya aina hiyo yenye kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 64.

Kwa upande wake Nintendo ilitoa Nintendo DS, ambayo ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 4 na matundu mawili: moja la kadi ndogo za michezo yake yenyewe, na moja la kaseti za Game Boy Advance. Tundu hili la pili lilifanya jambo ambalo ni nadra katika historia hii. Mwaka 2006 ilipotolewa programu ya Opera ya kusomea kurasa za intaneti, megabaiti 4 hazikutosha, na programu hiyo iliuzwa pamoja na kaseti ya nyongeza iliyochomekwa katika tundu hilo. Kaseti hiyo haikuwa na mchezo wala haikutunza kitu. Ilikuwa ubao wa kurefushia meza, megabaiti 8. Jina lake la Kiingereza lilikuwa na neno lilelile linaloandikwa juu ya kadi za kutunzia. Mnunuzi aliyedhani amenunua kabati alikuwa amenunua ubao. Hapa istilahi zetu mbili zinamaliza shauri kwa maneno machache: ile ilikuwa nyongeza ya kumbukumbu ya kazi, na Memory Stick ilikuwa nyongeza ya hifadhi.

Mashine ya Nintendo DSi ya mwaka 2008 iliondoa tundu la pili, na badala yake ikaleta hifadhi ya ndani ya megabaiti 256 na mlango wa kadi za SD. Nintendo iliona kwamba mtoto hatajali megabaiti, ikaamua kupima nafasi kwa "bloku", na kila bloku ikawa kilobaiti 128. Nintendo 3DS ya mwaka 2011 ikaendelea hivyohivyo. Bloku nane ni megabaiti moja. Nia ilikuwa njema, lakini kadi dukani iliuzwa kwa gigabaiti, na mtoto alibaki na vipimo viwili visivyojuana. Kipimo kilichokusudiwa kurahisisha kiligeuka kuwa somo la kuzidisha. Kama ingetupasa kulitafsiri, tungesema tofali, maana kila mtoto wa kwetu anajua kwamba nyumba hujaa kwa hesabu ya matofali.

Kadi za SD zilianzishwa mwaka 1999 na kampuni tatu, SanDisk, Matsushita na Toshiba, na faida yake kubwa ni kwamba si mali ya mwenye mashine. Anayetaka nafasi zaidi hununua kadi ya kampuni yoyote. Ubaya wake ni utitiri wa majina: SDHC kuanzia mwaka 2006, isiyopita gigabaiti 32, SDXC kuanzia mwaka 2009, iwezayo kufika terabaiti 2, na kila moja ina ndugu yake mdogo mwenye kiambishi micro. Alama hizo hazitafsiriki, wala hazifai kutafsiriwa, maana mnunuzi lazima azione juu ya kadi zikiwa vilevile. Mfasiri atunze alama na afasiri maelezo.

Sony ilipita njia nyingine. PlayStation Vita, iliyotoka Japani tarehe 17 Desemba 2011 na Marekani mwezi Februari 2012, ilikubali kadi za kampuni hiyo peke yake, ambazo hazikuingia katika chombo kingine chochote. Huko Marekani kadi ya gigabaiti 4 iliuzwa kwa dola 20 hivi, ya 8 kwa dola 30, ya 16 kwa dola 60, na ya 32 kwa dola 100, wakati mashine yenyewe iliuzwa kwa dola 250. Mashine ya kwanza haikuwa na hifadhi ya ndani ya kumfaa mchezaji, na baadhi ya michezo haikuweza kutunza rekodi bila kadi. Hivyo kile kilichoitwa nyongeza kilikuwa sharti. Tunadhani mfasiri mwadilifu hapaswi kuita nyongeza kitu ambacho bila hicho mashine haitimizi kazi yake. Neno sahihi ni kijalizo, au kwa lugha ya dukani, kitu cha lazima kinachouzwa mbali. Bei ya kadi hizo imetajwa mara nyingi miongoni mwa mambo yaliyoidhoofisha mashine hiyo.

Mashine ya Nintendo Switch, iliyotoka tarehe 3 Machi 2017, ilirudi kwenye kadi za kila mtu, yaani microSD. Ilikuja na hifadhi ya ndani ya gigabaiti 32, ambazo kwa mtumiaji zilibaki karibu 26 baada ya mashine kujichukulia zake. Lakini jambo tunalotaka msomaji alitazame ni hili: mchezo uliopakuliwa uliweza kukaa kwenye kadi, ila rekodi ya mchezaji haikuweza. Rekodi ilibaki daima ndani ya mashine. Katika mashine za DS rekodi zilikaa ndani ya kadi ya mchezo, na aliyemwazima jirani kadi alimwazima na rekodi zake. Katika Switch kadi ya mchezo ni ya kusomwa tu. Rekodi imehamia kwenye mashine, na kuanzia mwaka 2018 wanaolipia huduma ya Nintendo waliweza kuweka nakala yake katika hifadhi ya mbali kwa njia ya intaneti.

Sasa tuseme mtu anauza Switch yake na maelezo ya Kiswahili yamemwambia, "toa kadi ya kumbukumbu kwanza, kumbukumbu zako zimo humo." Ametoa kadi, ameifuta mashine, ameiuza. Michezo anayo, maana hiyo aweza kuipakua tena wakati wowote. Rekodi hana, na hiyo ndiyo peke yake isiyonunulika. Maelezo yalipaswa kutofautisha kadi ya hifadhi, hifadhi ya ndani, na rekodi ya mchezaji. Maneno hayo matatu hayahitaji kamati ya kuyabuni. Yapo tayari, yanahitaji tu kila moja lishike zamu yake.

Kwa sababu hiyohiyo tungependa neno upanuzi litumike kwa uangalifu. Mwenye nyumba anayevunja ukuta na kusogeza chumba amepanua nyumba. Anayejenga banda uani ameongeza nafasi, lakini nyumba ni ileile, na yapo mambo ambayo hayalali bandani. Kadi ya Switch ni banda la uani. Upanuzi wa kweli ulionekana katika Steam Deck, mashine ya kampuni ya Valve ya Marekani iliyotoka Februari 2022 ikiwa na hifadhi ya gigabaiti 64, 256 au 512. Hiyo nayo ina mlango wa kadi ya microSD, lakini pia hifadhi yake ya ndani yenyewe huweza kufunguliwa na kubadilishwa kwa bisibisi na mtu mwenye mkono mtulivu. Kumbukumbu yake ya kazi, gigabaiti 16, haibadilishiki. Katika mashine hiyo moja basi pana nyongeza, pana upanuzi, na pana kisichoongezeka. Na mfasiri anayo maneno ya yote matatu.

Kuna pia lalamiko la kawaida la wanunuzi, kwamba kadi ya gigabaiti 256 ikiwekwa katika mashine huonyesha 238. Hakuna aliyeiba. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, na mashine nyingi huhesabu kwa mizidisho ya 1,024, ambayo hufanya gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, ilitoa majina tofauti kwa hesabu ya pili, yaani kibi, mebi na gibi, ili ugomvi uishe. Majina hayo hayakupendwa na watu, na hatutegemei yapendwe kwetu. Inatosha mwalimu aeleze hesabu hiyo mara moja ubaoni.

Pengine mtumishi wa serikali aliyetusoma hadi hapa anajiuliza yanamhusu nini. Tunamwomba afikirie vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 huko Tanzania, ambavyo baadaye walimu waligawiwa. Chombo cha namna hiyo kina meza na kina kabati, sawasawa na mashine ya mchezo. Hati ya zabuni ikiandika "kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4" bila zaidi, mwuzaji mjanja ataleta chombo chenye hifadhi ya gigabaiti 4 na kumbukumbu ya kazi ya robo yake, na kwa maandishi atakuwa ametimiza sharti. Ikiandika "kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 4 na hifadhi ya ndani isiyopungua gigabaiti 64", hana pa kupenya. Hayo ni maneno machache tu ya ziada katika hati, na fedha inayolindwa ni ya umma.

Mashine ya karibuni katika ukoo huu ni Nintendo Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025. Kumbukumbu yake ya kazi ni gigabaiti 12 na hifadhi ya ndani ni gigabaiti 256. Kadi za microSD za zamani huingia katika tundu lake, maana umbo ni lilelile, lakini haiwezi kuweka michezo juu yake. Huzitumia kwa kunakili picha na video tu. Kwa michezo inataka kadi za microSD Express, ambazo ni za kasi zaidi na huwa na alama ya EX. Kwa mara ya kwanza katika mashine za Nintendo tatizo si ujazo bali ni mwendo, na Kiswahili kitahitaji kuzoea kuuliza kadi siyo tu inabeba kiasi gani, bali inatoa kwa kasi gani.

Na imeleta kitu kingine kinachowangoja watu wa istilahi. Baadhi ya michezo ya mashine hiyo, kama Cyberpunk 2077, imo yote ndani ya kadi yake ya gigabaiti 64. Mingine huuzwa katika kadi yenye umbo lilelile, ndani ya kasha lilelile, lakini mchezo haumo. Kilichomo ni idhini. Mnunuzi huichomeka, mashine huupakua mchezo wote kwa intaneti na kuuweka katika hifadhi yake, kisha kila akitaka kucheza lazima kadi iwe imechomekwa ingawa haina cha kusomwa. Huweza kuiuza au kumwazima mwenzake, kama kadi nyingine. Kampuni huiita kadi ya ufunguo wa mchezo, na kwa maoni yetu tafsiri hiyo inafaa ikifupishwa kuwa kadi-ufunguo. Tusichokubali ni kuiita kadi ya hifadhi, kwa kuwa mwalimu au mzazi aliye mahali ambapo intaneti hulipiwa kwa kifurushi, na mchezo mmoja unaweza kula makumi ya gigabaiti, anastahili kujua kabla ya kutoa fedha kwamba anachonunua ni ufunguo, na kwamba nyumba ataijenga kwa gharama yake.